Kidodi iandike njia na viwanja vyake kabla havijalimwa

Msafiri atokaye Morogoro kwa barabara kuu iendayo Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa kilomita zipatazo 50. Humo ndani hana budi kupunguza mwendo. Barabara imewekewa matuta, vibao vinamwonya asikimbie, na ubao mwingine unamtajia faini atakayotozwa akimgonga mnyama, kila mnyama kwa jina lake na kwa thamani yake. Akifika mji wa Mikumi akakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara, baada ya mwendo usio mrefu huingia Kidodi. Hapo hukuta watoto wa shule wakitembea ukingoni mwa barabara, mikoba migongoni, na katika msimu wa mavuno magari ya miwa huwapita ubavuni. Watoto hao hawana ubao unaotaja faini yao.

Neno hili halisemwi kwa kumwonea twiga wivu. Linasemwa kwa sababu Kidodi ni jirani wa hifadhi mbili zinazojulikana duniani kote, na elimu ya kutunza njia na ardhi ya wazi imo mlangoni mwake. Mtumishi wa serikali na mwalimu wa Kidodi wakitaka kujua namna mji mdogo unavyoweza kupanga viwanja vyake na kuvidumisha, hawana haja ya kuvuka bahari.

Kidodi ni kata ya Wilaya ya Kilosa. Juu yake ipo milima ya Vidunda, na kusini unapita mto Ruaha Mkuu, ambao ng'ambo yake inasimama milima ya Udzungwa. Reli ya tawi itokayo Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu imepita eneo hilo, na kiwanda cha sukari cha Ruembe kipo karibu. Makazi ya namna hii hayakuanza kwa mchoro wa mezani. Yalianza kwa duka moja, stendi, soko, shule na nyumba ya ibada. Kisha nyumba zikaongezeka kufuata barabara, na watu wakajitengenezea njia za mkato kwa nyayo zao. Njia hizo ndizo mpango wa kwanza wa mji, na ulipangwa na watu wasiomwuliza mtu yeyote ruhusa.

Hapa hapana budi kuondoa dhana moja. Neno bustani likitajwa mbele ya kikao, wajumbe wengi huona akilini maua, nyasi zilizokatwa na chemchemi ya maji inayorushwa juu. Wakishaona hayo huona na gharama yake, na shauri huahirishwa. Mji mdogo hauhitaji chemchemi. Unahitaji kiwanja cha mpira kisichokatwa viwanja vya nyumba, mahali pa mkutano penye miti mitatu au minne ya kivuli, sehemu ya ukingo wa mto au kijito iliyoachwa bila kulimwa, na njia za miguu zinazounganisha nyumba na shule, zahanati na soko pasipo kumlazimisha mtembeaji kushindana na magari. Vitu hivyo mara nyingi vipo tayari. Kinachokosekana ni maandishi yanayosema kwamba vipo.

Wapo watakaouliza kwa nini mji uliozungukwa na misitu na mashamba usumbuke kutenga ardhi ya wazi. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Mtu akisimama Kidodi akatazama pande zote ataona kijani kitupu, naye ataamini kwamba ardhi ya wazi imejaa. Lakini na aulize kila sehemu ni ya nani. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na ambayo sasa ina kilomita za mraba 3,230, ina lango na kibali. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa eneo la kilomita za mraba 1,990, nayo ina lango na kibali. Mashamba makubwa ya miwa ni ya kampuni, na mengine ni ya wakulima wadogo wanaoiuzia kampuni hiyo. Mto Ruaha Mkuu una mamba na viboko, na maji yake hayana huruma kwa mtoto. Kila kinachoonekana kuwa wazi kina mwenyewe au kina hatari. Baada ya kuyaondoa hayo yote, ardhi inayobaki kwa mtoto kupigia mpira na kwa mzee kupumzikia ni vipande vichache sana, navyo ndivyo rahisi kuliko vyote kunyakuliwa, kwa kuwa havina wa kuvisemea.

Mnyakuzi wa Kidodi hana sura ya tajiri wa mjini mwenye hati za kughushi. Mara nyingi ni jirani mwema anayelima. Kilimo cha miwa katika bonde hili kilishika kasi tangu kiwanda cha kwanza cha Kilombero kilipoanza kazi miaka ya 1960, kikaongezeka Ruembe ilipofunguliwa katika miaka ya 1970, na baada ya kampuni kubinafsishwa mwaka 1998 wakulima wadogo wakawa wengi zaidi. Muwa una soko, na kila hatua ya ardhi ina bei. Basi njia ya miguu yenye upana wa hatua nne, inayopita kati ya mashamba mawili, hulimwa mstari mmoja upande huu msimu huu, na mstari mmoja upande ule msimu ujao. Hakuna anayepiga kelele kwa sababu ya mstari mmoja. Baada ya miaka michache njia imebaki ya mtu mmoja kupita ubavu kwa ubavu na majani ya miwa yakatayo ngozi. Akina mama wenye mizigo kichwani huiacha. Wanafunzi huiacha kwa sababu miwa iliyosimama huficha mtu, na mzazi wa binti ana sababu ya kuogopa. Wote huhamia barabarani. Njia isiyopitwa msimu mzima hulimwa, na mlimaji husema kwa ukweli kabisa kwamba aliikuta pori.

Hivyo ndivyo njia inavyokufa. Haiuawi siku moja, wala hakuna kikao kilichopitisha kifo chake.

Sheria ya nchi haikulisahau jambo hili, ingawa watumishi wengi huisoma sheria hiyo siku ya mgogoro tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, huiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Inairuhusu halmashauri kupendekeza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji sehemu zitakazotengwa kuwa ardhi ya jumuiya, na inaagiza kuwe na daftari la ardhi hiyo. Tena inaitambua ardhi ambayo kwa desturi imekuwa ikitumiwa na watu wote. Kwa hiyo kiwanja cha mpira kilichochezewa na baba na mwana, na njia iliyokanyagwa kwa miaka mingi kuteremka kutoka Vidunda hadi sokoni, havihitaji kuombewa fadhila. Vinahitaji kuandikwa. Na pale ambapo mji umetangazwa kuwa eneo la mipango, Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, ndiyo inayoongoza mchoro; huko nako kiwanja kisichoonekana katika mchoro hakina wakili.

Ni wajibu kusema wazi mahali penye ugumu. Barabara kuu na za mikoa zina TANROADS. Barabara za wilaya na mitaa zina TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Njia ya miguu haina wakala. Mhandisi haihesabu kwa kuwa gari halipiti. Ofisa ardhi haihesabu kwa kuwa si kiwanja. Ofisa elimu huiona kuwa nje ya uzio wa shule. Kila ofisi ina hoja ya haki, na kwa jumla ya hoja hizo za haki mtoto anatembea barabarani. Tembo amepata bahati nzuri zaidi. Katika bonde hilohilo la Kilombero, ushoroba unaounganisha Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere umekwisha pimwa, na tembo wamejengewa kivuko chini ya barabara ili wapite bila kugongana na magari. Wataalamu walikaa, wakafuatilia tembo hupita wapi, wakachora, wakakubaliana na wanavijiji. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Nayo imethibitisha kwamba njia ya asili ya kiumbe inaweza kuingizwa katika ramani ya serikali, watu wakitaka.

Sasa hebu itazamwe hifadhi ya Udzungwa yenyewe, maana ndiko kwenye somo la kutunza. Hifadhi hiyo haina barabara za magari za kutalii ndani yake. Mgeni huingia kwa miguu, akapanda kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, au akatembea siku kadhaa kwenda kilele cha Mwanihana. Njia za namna hiyo, katika mlima wenye mvua nyingi, zina adui mmoja ambaye ni maji. Maji ya mvua hupenda njia iliyo tupu kuliko ardhi yenye majani. Yakiipata huifuata moja kwa moja kushuka, huchimba, na baada ya misimu miwili au mitatu njia imekuwa korongo. Kwa sababu hiyo mtunza njia hulaza gogo au jiwe mshazari kila baada ya hatua kadhaa ili maji yatoke pembeni. Hukata ngazi penye mteremko mkali. Hufyeka majani baada ya masika. Hutengeneza kidaraja kabla hakijavunjika. Kazi hizo hazihitaji mashine. Zinahitaji panga, jembe, nyundo, watu wawili wanaolipwa, na orodha ya kazi inayofuata miezi ya mwaka.

Hicho ndicho kinachoitofautisha hifadhi na kiwanja cha mji. Watu hudhani hifadhi imedumu kwa sababu ya uzuri wake. Uzuri haujawahi kuzuia shoka. Imedumu kwa sababu mpaka wake unajulikana, mwenye dhamana anajulikana, na fedha ya kufyeka mwaka ujao imekwisha andikwa mwaka huu. Hata kosa la hifadhi lina funzo. Hadi mwaka 2011 wakazi wa vijiji jirani na Udzungwa waliruhusiwa kuingia siku moja kwa juma kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilipoondolewa, mzigo wa kutafuta kuni uliangukia vijijini kwenyewe, na kwa akina mama hasa. Mpango wowote wa ardhi ya wazi usiouliza watu hupata wapi kuni na maji utavunjwa usiku na watu wema kabisa. Kidodi ikitenga ukingo wa kijito, na itenge pia mahali pa miti ya kuni.

Kwamba kiwanja kisicho na ulinzi wa maandishi na wa watu huweza kupotea hata mbele ya macho ya mji mkuu, ushahidi upo kwa majirani. Nairobi ina bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulitokea mpango wa kujenga hapo jengo la kuegesha magari. Wananchi, akiwamo mjukuu wake Zarina Patel, wakasimama, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ardhi ile ilitolewa kwa umma. Kabla ya hapo, mwaka 1989, ilitakiwa kujengwa katika Uhuru Park jumba la ghorofa 60 kwa ajili ya gazeti la chama kilichokuwa kikitawala. Profesa Wangari Maathai akapinga kwa barua na kwa sauti, akatukanwa hadi bungeni, na mwishowe jumba halikujengwa. Gazeti la chama halina sababu ya kulikwepa tukio hilo. Lakini Kidodi haitakiwi kungoja mpaka apatikane mtu mwenye ujasiri wa Wangari Maathai. Daftari lililojazwa mapema huokoa mtu asihitaji kuwa shujaa.

Unguja nako kuna jambo la kujifunza, tena la upande mwingine. Bustani ya Forodhani ilikuwa imechakaa, kisha ikafanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa shirika la Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Waliopanga hawakuwafukuza wauza pweza na urojo waliokuwa wakijaza pale jioni, waliwatengea nafasi. Bustani yenye wauzaji ina macho ya kuitazama hadi usiku, na taa zake hazivunjwi ovyo. Katika miji midogo, tabia ya kwanza ya ofisi ikipata kiwanja ni kukizungushia uzio na kumfukuza mama muuza maandazi, kisha kukifunga kwa kufuli. Mwaka wa pili ndani ya uzio kuna magugu, na mwaka wa tatu mtu anakiombea kibali cha kujenga, akieleza kwamba kimekaa bure.

Ndugu watumishi wanajua tofauti ya fedha za maendeleo na fedha za matumizi ya kawaida. Bustani nyingi huzaliwa kwa fungu la kwanza na kufa kwa kukosa la pili. Mradi huja, kiongozi hukata utepe, miti 200 hupandwa asubuhi moja mbele ya wapiga picha. Mti wa mjohoro au mwembe uliopandwa Aprili unahitaji maji kuanzia Juni hadi mvua nyingine, unahitaji kuzungushiwa miiba dhidi ya mbuzi, na unahitaji hivyo kwa misimu miwili au mitatu. Nani anautia maji? Ikiwa katika bajeti ya kijiji au ya halmashauri hakuna kasma yenye jina la kazi hiyo, hata kama ni ya posho ndogo ya mtu mmoja na ndoo mbili, jibu ni kwamba hakuna. Afadhali miti 12 yenye mwenyewe kuliko 200 ya picha.

Watasema fedha haitoshi, na ni kweli haitoshi. Lakini sehemu kubwa ya kazi inayotajwa hapa ni ya karatasi na ya miguu. Kuchora njia zote za miguu za kata moja ni kazi ya siku chache kwa watu wanaozijua. Hapa ndipo mwalimu anapoingia. Darasa la jiografia la shule ya msingi, likiongozwa vizuri, laweza kuhesabu hatua kutoka lango la shule hadi kila kitongoji, kuandika mahali njia inapobanwa na shamba, mahali inapojaa maji masika, na mahali inapokutana na barabara. Mtoto atembeaye kilomita tatu kila asubuhi ndiye mtaalamu wa kilomita hizo tatu. Mchoro huo hautakuwa na thamani ya ramani ya mpima ardhi, na hautakiwi kuwa nayo; utampa mtendaji wa kijiji orodha ya kupeleka mkutanoni, na utampa mpima, siku atakapokuja, mahali pa kuanzia. Ieleweke tu kwamba kuchora si kisingizio cha kuwafanya wanafunzi vibarua wa kufyeka njia za kata nzima. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia mtoto afanye kazi na kuifahamu, na haikukusudia awe kibarua wa ofisi isiyotaka kuajiri.

Linabaki suala la aliyekwisha kulima. Kumng'olea mkulima miwa kwa nguvu ni kutafuta uadui ambao utaidhuru njia yenyewe. Usiku mmoja atairudisha mistari yake. Lililo la busara ni mkutano kukubaliana upana, kwa mfano hatua nne kwa njia kuu ya shule, kumwacha avune miwa iliyopo, na kuweka mawe ya mpaka mara baada ya mavuno, mbele yake na mbele ya majirani zake wote wawili. Mawe yapandwe na mistari ya miti inayojulikana, maana jiwe husogezwa lakini mti uliokomaa hausogei. Aliyeshuhudia mpaka ukiwekwa ni mlinzi asiyelipwa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukutane angalau kila baada ya miezi mitatu. Ajenda ya ardhi ya jumuiya inaweza kuingizwa na halmashauri ya kijiji, na mtendaji wa kata anaweza kuikumbusha. Mavuno ya miwa hufikia ukingoni karibu na mwisho wa mwaka, na masika huanza Machi. Kati ya nyakati hizo mbili mashamba mengi yamevunwa, watu huonana kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine, na kamba ya kupimia huvutika bila kukwama.